Cheti cha semina hakitoshi kumkabidhi mtu zamu ya usiku

Ndugu Mhariri,

Kila unapozuka mjadala kuhusu nyumba za kuwasaidia watu wenye uraibu, mazungumzo huishia kwenye vitanda: viko vingapi, nani alipie, kwa nini havitoshi. Wanaokesha kando ya vitanda hivyo hawatajwi. Sizungumzii madaktari wala wanasaikolojia. Nazungumzia mhudumu anayempokea mtu mlangoni, anayemshika mkono kwenda bafuni, ambaye saa nane usiku ndiye pekee aliye macho. Kazi yangu ni kuwafundisha na kuwasimamia watu hawa, na nasema wazi kwamba tunawaandaa vibaya.

Utaratibu uliozoeleka unajulikana. Semina ya siku chache, slaidi nyingi kuhusu aina za dawa za kulevya na jinsi zinavyoathiri ubongo, picha ya pamoja, cheti. Penye mafunzo kwa vitendo kuna daftari la kusainiwa, nalo husainiwa siku ya mwisho, ukurasa mzima, kwa kalamu moja. Kesho yake mhitimu anapangiwa zamu.

Sasa tuitazame zamu yenyewe. Tuseme wamepokelewa wawili usiku huohuo. Mmoja ni kijana wa heroini aliyeshikwa na arosto, yaani mateso ya mwili kukosa dawa uliyoizoea: anajikunja, anaharisha, makamasi na machozi yanamtoka, anaapa kwamba anakufa. Wa pili ni mzee aliyekunywa pombe kali kila siku kwa miaka mingi. Katulia kitandani, mikono inatetemeka kidogo, shati limelowa jasho. Mhudumu asiyefundishwa atamkimbilia anayepiga kelele. Kijana anahitaji maji, usafi, dawa za kumpunguzia mateso na mtu wa kumtia moyo, lakini arosto ya heroini kwa kawaida haiui, mradi asiachwe akaishiwa maji mwilini. Wa kuogopewa ni yule mzee. Degedege la kuacha pombe ghafla hutokea zaidi kati ya saa 6 na 48 tangu kinywaji cha mwisho, na kwa wengine, kuanzia siku ya pili hadi ya nne, huja kuweweseka: hajui yuko wapi, anaona wadudu ukutani, moyo unakwenda mbio, joto linapanda. Hali hiyo inaua. Aliyeacha ghafla vidonge vya kutuliza vya jamii ya diazepamu naye yumo kwenye hatari ya aina hiyohiyo.

Mhudumu hatakiwi kutibu hayo. Anatakiwa kuyatambua mapema na kumwita muuguzi au daktari bila kuona haya. Amuulize mgonjwa alikunywa mara ya mwisho saa ngapi na kama amewahi kuanguka degedege alipoacha. Amwambie anyooshe mikono na kutandaza vidole. Ahesabu mapigo ya moyo, amuulize leo ni siku gani, aandike, kisha arudie baada ya muda. Mambo haya mtu huyajua kwa kuyafanya mbele ya anayeyajua, tena na tena, mpaka mkono uzoee.

Hatari nyingine hujificha mahali ambapo familia husherehekea. Mtu akikaa wiki kadhaa bila heroini, mwili wake unapoteza mazoea ya ile dozi ya zamani. Akitoka akairudia kwa kipimo kilekile, inaweza kumuua, na siku za mwanzo baada ya kutoka ndizo mbaya zaidi. Shirika la Afya Duniani lilishauri tangu 2014 kwamba wanaoweza kumkuta mtu aliyezidisha dozi ya dawa za jamii ya afyuni, kama heroini, wapatiwe naloksoni, dawa ya kumzindua mtu huyo, na wafundishwe kuitumia. Lakini naloksoni hufanya kazi kwa dakika 30 hadi 90 tu, pengine muda mfupi kuliko dawa iliyomlaza mgonjwa. Kwa hiyo anayezinduka akasema "niko salama, niache niende" hapaswi kuachwa. Nimeona mitaala inayotaja dawa hiyo kwa mstari mmoja na kusahau kabisa dakika hizo.

Kwenye mazungumzo nako hatufanyi vizuri. Mteja anasema: "Nimeshaacha mara nyingi, nikarudi." Mhudumu wetu, kwa nia njema kabisa, anaanza mahubiri: fikiria watoto, fikiria afya, pombe ni shetani. Mteja anaitikia kwa kichwa na moyoni ameshaondoka. Aliyefundishwa angesema: "Kumbe kuacha unakuweza. Ile mara uliyokaa muda mrefu zaidi, nini kilikusaidia?" William Miller alianza kuueleza mtindo huu wa mazungumzo mwaka 1983, baadaye akauendeleza pamoja na Stephen Rollnick. Miller mwenyewe na wenzake, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2004, waliwapima wataalamu wa uraibu waliofundishwa mtindo huo. Waliohudhuria semina peke yake, ustadi wao ulififia katika miezi iliyofuata. Walioudumisha ni wale ambao mazungumzo yao yalisikilizwa baada ya semina wakaambiwa wamepatia wapi na wamekosea wapi, au waliofuatiliwa na mkufunzi. Matokeo hayo yana zaidi ya miaka 20, nasi bado tunanunua semina.

Wapo watakaosema walioacha wenyewe ndio walimu bora na hawahitaji darasa. Nusu ya kauli hiyo naikubali kwa mikono miwili. Aliyepitia arosto huaminiwa na mteja ndani ya dakika tano, jambo ambalo mwenye shahada huenda akalitafuta kwa mwezi. Mafunzo ya ufundi yaupime na kuutambua ujuzi huo, asilazimishwe kuanza na somo la "uraibu ni nini". Ila njia iliyomwokoa yeye si lazima imfae mwingine. Mhudumu aliyeacha kwa maombi na nia tu asimvunje moyo anayetumia methadoni, dawa ya tiba inayotolewa badala ya heroini, kwa kumwambia bado hajaacha. Naye pia anahitaji mtu wa kumsikiliza baada ya zamu ngumu, kwa sababu harufu ya pombe mdomoni mwa mgeni humgusa yeye kuliko sisi wengine. Kumwachia mtu kama huyo zamu za usiku mfululizo, kwa malipo ya nauli, kisha kumlaumu anaporudia kunywa, ni uonevu.

Ombi langu kwa wanaotunga mitaala na wanaotoa fedha ni kwamba saa za mafunzo zihamie kazini. Mwanafunzi asikabidhiwe zamu peke yake kabla hajakaa zamu kadhaa na mzoefu na kuonyesha, kwa vitendo, kwamba anaweza kumtambua mgonjwa wa kupelekwa hospitali. Mazungumzo yake na mteja aliyeridhia yasikilizwe na msimamizi, na hilo liendelee hata baada ya cheti. Msimamizi alipwe kwa muda huo. Na daftari la mafunzo lisainiwe siku kazi ilipofanyika, likiwa na maelezo ya kilichofanyika, la sivyo mkaguzi alikatae.

Wako,
Mkufunzi wa wahudumu wa uraibu