Barua ya wazi kwa Waziri wa Uchukuzi: kaa na marubani kabla ya notisi ya mgomo

Kwa Mheshimiwa Waziri wa Barabara na Uchukuzi,
Nairobi.

Mheshimiwa Waziri,

Salamu kutoka Mombasa. Nakuandikia kuhusu marubani wa Kenya Airways, na najua wapo watakaouliza mzee wa bandarini ana lipi la kusema juu ya ndege. Nilikuwa mwakilishi wa wafanyakazi gatini kwa miaka mingi. Nimekaa na waajiri mezani mpaka adhana ya alfajiri, nimeona migomo iliyoepukwa na migomo iliyopuuzwa mpaka ikalipuka. Jambo ninalokuletea ni moja: mgomo wa marubani huanza miaka miwili mitatu kabla ya siku ndege zinapokwama uwanjani, na serikali, ambayo ndiyo mwenyehisa mkubwa kuliko wote, hujitokeza siku ya mwisho, tena kwa ukali.

Tazama ule wa 2022. Chama cha marubani, KALPA, kilitoa notisi mwezi Oktoba. Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi ikausimamisha mgomo kabla haujaanza. Jumamosi ya tarehe 5 Novemba, saa kumi na mbili asubuhi, marubani wakagoma hata hivyo. Abiria zaidi ya 10,000 wakakwama, na shirika likasema linapoteza shilingi milioni 300 kila siku. Tarehe 8 Jaji Anna Mwaure akaamuru marubani warudi kazini kufikia saa kumi na mbili asubuhi ya siku ya pili yake, na akawakataza wasimamizi kuwaadhibu. Wakarudi. Siku zote hizo neno lililotawala upande wa mwajiri lilikuwa hujuma: hujuma ya uchumi, hujuma ya taifa.

Lakini walikuwa wanadai nini? Madai makubwa yalikuwa mawili. La kwanza, mwajiri arejeshe mchango wake kwenye mfuko wa akiba ya uzeeni, mchango uliosimamishwa 2020. La pili, walipwe mishahara iliyozuiliwa wakati wa korona. Hakuna hata moja lililozuka Oktoba 2022. Yote mawili yalikuwa yamekaa mezani tangu mwaka ule wa maradhi, yanaahirishwa kikao hadi kikao. Ndiyo maana nasema tarehe 5 Novemba ilikuwa mwisho wa safari ndefu, na kila aliyekuwa na uwezo wa kuikatisha safari hiyo njiani alikuwa na muda wa kutosha.

Sitaki nionekane simwelewi mwajiri. Nchi ilifunga safari za kimataifa tarehe 25 Machi 2020 na haikuzifungua mpaka tarehe 1 Agosti. Ndege zikapangwa uwanjani JKIA safu kwa safu, na mwaka ukaisha kwa hasara ya zaidi ya bilioni 36. Hakuna mfanyakazi mwenye akili timamu ambaye angedai alipwe kila senti wakati ule, na ngazi zote za wafanyakazi zilibeba mzigo huo. Ninachosema ni kwamba mshahara uliozuiliwa kwa ahadi ya kulipwa baadaye ni deni. Benki zilizolikopesha shirika hazikuambiwa zisahau. Waliolikodisha ndege hawakuambiwa wasahau. Aliyeambiwa avumilie, asubiri, awe mzalendo, ni mfanyakazi peke yake.

Na uzalendo wao tuliuona. Mwishoni mwa Machi 2020, siku zile watu wanaogopa hata kushikana mikono, ndege ya mwisho ya Kenya Airways iliondoka New York kuwarudisha Wakenya nyumbani. Hapakuwa na chanjo, na barakoa zenyewe zilikuwa adimu. Kapteni Daudi Kibati alikuwa miongoni mwa marubani waliokwenda kuwachukua. Siku chache baadaye, mwanzoni mwa Aprili, akafariki kwa korona. Wenzake walimzika huku nao wanangoja kupangiwa safari za mizigo na za kuwarudisha watu. Mheshimiwa, ukisikia rubani anadai mchango wa akiba yake wa mwaka ule, kumbuka kwamba mwaka ule haukuwa likizo kwake.

Sasa niruhusu nikae kidogo kwenye hiyo akiba, kwa sababu naona wengi wanaichukulia kama marupurupu ya matajiri. Kila mwaka rubani wa ndege za abiria huingia chumba cha daktari aliyeidhinishwa na mamlaka ya usafiri wa anga. Hupimwa macho, masikio, mapigo ya moyo, shinikizo la damu, sukari. Akishafika miaka 60, hupimwa kila baada ya miezi sita, na akifika 65 haruhusiwi tena kurusha ndege ya abiria kwenye safari za kimataifa. Katikati ya hapo huitwa kwenye simuleta, akae kwenye kiti kama cha ndege halisi, mkufunzi nyuma yake. Ndege inakimbia kwenye njia, inakaribia kupaa, mkufunzi anamzimia injini moja. Au anamletea moto. Au anamfunikia uwanja kwa ukungu akiwa chini kabisa, imebidi apandishe tena. Akifeli, hagusi ndege ya abiria mpaka afunzwe tena na apimwe upya. Karani akipatwa na kisukari ataendelea na ukarani wake. Rubani moyo ukibadilisha mdundo kidogo tu, cheti kinaweza kusimamishwa siku hiyohiyo, na ujuzi wa miaka 25 hauna duka lingine la kuuzwa. Mtu wa kazi ya namna hii akiba yake ndiyo bima ya watoto wake. Ukisimamisha mchango wa mwajiri, hata kwa mwaka mmoja, umemgusa mahali ambapo hana pa kuegemea.

Kuna na suala la kupumzika, ambalo halisemwi vya kutosha kwa sababu fedha ndizo zinazopigiwa kelele. Safari ya Nairobi hadi New York huchukua saa kama 15, na ndege hiyo hubeba marubani wanne ili wapokezane. Hizo ndizo safari zinazoonekana. Zinazochosha kimyakimya ni zile za karibu: kuamka saa nane usiku, kutua na kupaa mara nne kwa siku, kulala hotelini mchana na jua dirishani, kesho yake ratiba imebadilishwa. Ulaya wameweka kikomo cha saa 900 za kurusha kwa mwaka. Marekani waliandika upya sheria zao baada ya ndege ya Colgan Air kuanguka karibu na Buffalo Februari 2009 na kuua watu 50. Uchunguzi ulionyesha msaidizi wa rubani alikuwa amesafiri usiku kucha kutoka upande wa pili wa nchi ili afike kazini, kwa sababu mshahara wake ulikuwa mdogo mno kuishi karibu na kituo chake. Tangu Januari 2014 rubani wa abiria kule lazima apate saa 10 za mapumziko kabla ya zamu, na ndani yake nafasi ya kulala saa 8. Kwa hiyo mshahara na usingizi na usalama ni kamba moja. Chama kinapolalamika juu ya ratiba na uhaba wa marubani, abiria wa Kisumu na wa Mombasa ana haki ya kusikiliza kama jambo lake mwenyewe.

Uhaba wenyewe unatokana wapi? Nenda Dubai, nenda Doha, utawakuta vijana wetu kwenye viti vya mbele vya ndege za wenzetu. Wamefunzwa kwa gharama, wameiva, wameondoka. Hakuna amri ya mahakama inayoweza kumzuia rubani kujiuzulu kwa utaratibu.

Nasikia hoja kwamba mishahara ya marubani ndiyo iliyoliua shirika. Wanalipwa vizuri, ndiyo, kuliko mimi nilivyowahi kulipwa. Lakini si wao waliobuni Mradi wa Mawingu, mpango wa kununua ndege nyingi kwa mkopo ambao mapato hayakuufikia. Si wao waliofunga bei ya mafuta kwa mikataba iliyogeuka hasara. Shirika lilipobanwa kabisa, 2016, likauza nafasi yake ya kutua uwanja wa Heathrow, London, kwa Oman Air kwa dola milioni 75, na uamuzi huo haukupigiwa kura na marubani. Mwaka 2017 madeni yakageuzwa kuwa hisa, serikali ikabaki na asilimia 48.9 na benki za humu nchini asilimia 38.1. Tangu hapo, Mheshimiwa, serikali imekuwa upande mmoja wa meza. Haiwezi kukaa kama mwamuzi anayepuliza kipenga.

Mwaka 2024 shirika lilitangaza faida ya shilingi bilioni 5.4, ya kwanza baada ya zaidi ya miaka kumi. Tulifurahi, nami nilifurahi kwa dhati, maana shirika hili lilizaliwa 1977 baada ya lile la Afrika Mashariki kuvunjika, na sisi tuliokuwa vijana wakati ule tuliliona kama letu. Nusu ya kwanza ya 2025 hasara ikarudi, bilioni 12.2, huku ndege zake tatu kubwa aina ya Dreamliner zikiwa zimeegeshwa bila kuruka. Hapo ndipo ninapopata wasiwasi. Faida ikija, mfanyakazi huambiwa tusubiri iimarike. Hasara ikija, huambiwa hakuna pesa. Hakuna mwaka unaofaa kumlipa.

Tena kuna sheria. Ibara ya 41 ya Katiba inampa kila mfanyakazi haki ya kugoma. Sheria ya Mahusiano ya Kazi ya 2007 inataka kwanza usuluhishi, kisha notisi ya maandishi ya siku saba. Sheria hiyohiyo inaorodhesha huduma za lazima ambazo wafanyakazi wake hawaruhusiwi kugoma: maji, hospitali, waongozaji wa ndege, zimamoto, na feri, ambayo sisi wa Likoni tunajua maana yake. Marubani hawamo katika orodha hiyo. Bunge liliwataja waongozaji wa ndege na likawaacha marubani. Basi mgomo wao halali usiitwe uhaini kabla haujasikilizwa, na mahakama isiwe mlango wa kwanza kubishwa wakati mezani hapajakaliwa. Nilisikitika pia marubani walipogoma ilhali amri ya kusimamisha imeshatoka, maana amri ya mahakama ni ya kutiiwa, na waliwapa wapinzani wao silaha bure. Abiria waliolala kwenye sakafu ya JKIA hawakuwa na kosa lolote.

Sisi Mombasa tuna kumbukumbu ndefu ya mambo haya. Januari 1947 mji wote ulisimama, bandari, reli, hoteli, na serikali ya kikoloni ikajibu kwa kumkamata kiongozi wao, Chege Kibachia, na kumpeleka kizuizini Baringo. Machi 1955 bandari ikasimama tena. Safari hii Tom Mboya, kiongozi wa vyama vya wafanyakazi, alikuja, akazungumza na wafanyakazi, akazungumza na waajiri, watu wakarudi kazini na shauri likapelekwa kwa baraza la usuluhishi, ambalo liliwapa nyongeza ya asilimia 33. Wazee waliotufundisha kazi ya chama walikuwa wakisimulia yote mawili, na la 1955 ndilo walilotaka tulijifunze: Mboya alikuja na masikio, na alikuja na takwimu.

Kwa hiyo ombi langu. Uitishe kikao sasa, wakati ndege zinaruka na hakuna aliyekasirika: wizara yako, Hazina Kuu, bodi ya shirika, KALPA, na vyama vya wafanyakazi wengine, maana wahandisi, wahudumu wa ndani ya ndege na wapakiaji mizigo nao walikatwa mishahara. Kitu cha kwanza mezani kiwe karatasi moja inayoonyesha kilichozuiliwa kutoka mishahara na michango ya akiba tangu 2020, kilicholipwa hadi leo, na kilichobaki. Kila mfanyakazi apewe hesabu yake. Nasi walipa ushuru tupewe jumla, kwa kuwa hisa zile ni zetu. Kilichobaki kipangiwe tarehe, hata kama ni miaka mitano, hata kama ni kidogokidogo, mradi kiandikwe kwenye mkataba wa pamoja na kisajiliwe mahakamani. Nimeona wafanyakazi wakikubali muda mrefu kuliko vile waajiri wanavyodhani. Wasichokubali ni ahadi ya mdomo iliyotolewa mara ya tatu.

Pili, uiagize mamlaka ya usafiri wa anga ikague ratiba za marubani, si zile zilizochapishwa mwanzo wa mwezi tu, bali jinsi zilivyotekelezwa hasa, saa za kuamka, saa za kutua, mabadiliko ya ghafla. Matokeo yatangazwe. Rubani anayeripoti kwamba amechoka asipoteze kitu kwa kuripoti.

Wakati wa notisi yoyote ijayo, zile siku saba za sheria zitumike kwa mazungumzo na wewe mwenyewe uwepo chumbani. Nakuhakikishia kwa uzoefu wangu, waziri akiketi na kusikiliza mpaka mwisho, lugha ya pande zote mbili hubadilika.

Nitashukuru kupata jibu lako hadharani, kama nilivyoandika hadharani.

Wako mwaminifu,
Mwakilishi mstaafu wa wafanyakazi wa bandari,
Likoni, Mombasa