Santuri za Ulaya: someni namba kabla ya kutaja bei

Mhariri,

Naomba nafasi niseme na wauzaji wa vitu vikuukuu wa Memorial, Moshi, na Kilombero, Arusha. Santuri ya Ulaya haipangiwi bei kwa kutazama kava. Jazi yenye fanki ya miaka ya 1970 ina wakusanyaji wanaotoa pesa nzuri, ila wanalipia toleo la kwanza. “Ball of Eyes” ya kundi la Placebo la Ubelgiji (1971) na “Troupeau Bleu” ya Cortex ya Ufaransa (1975) zote zimeshachapwa upya, na kava zinafanana na za zamani. Anayetaka muziki tu achukue toleo jipya, alale usingizi.

Geuza kava kwanza. Ukiona msimbopau (ile mistari myeusi ya kusomwa na mashine dukani) au anwani ya tovuti, hiyo si ya 1975. Mizani ya jikoni nayo husaidia: gramu 180 ni dalili ya toleo jipya. Kisha iinamishe santuri chini ya taa usome namba zilizochorwa kati ya wimbo wa mwisho na lebo. Hizo ndizo mnunuzi wa ng'ambo ataulizia kabla ya bei. Zipige picha, maana herufi moja ikikosewa ni toleo jingine. Santuri za Poland za mfululizo wa “Polish Jazz” zina herufi XL mbele ya namba kwa mono (sauti ya njia moja) na SXL kwa stirio (njia mbili). Nyingi za MPS, kampuni ya Villingen, Ujerumani, zina pia jina la BASF kwenye lebo.

Kinachoua santuri nyingi ni usafishaji. Spiriti yenye rangi huacha mabaki kwenye mifereji inamopita sindano. Maji ya bomba ya Arusha yana madini mengi, yakikauka huacha ungaunga mweupe na sindano ikipita hapo sauti inakoroma. Tumia maji safi ya kuongezea betri za magari, lakini hakikisha hujauziwa asidi, maana wapo wanaoziita zote mbili maji ya betri. Vikombe vinne vya maji hayo, kimoja cha alkoholi ya isopropili kutoka duka la dawa, tone moja la sabuni ya vyombo. Pitisha brashi laini kwa kufuata mzunguko wa mifereji, usipitishe kwa kuikatiza, na lebo isilowe. Suuza kwa maji hayo hayo matupu, simamisha kivulini. Zile nzito za kale za mizunguko 78 kwa dakika zisiguswe na alkoholi kabisa, itaziyeyusha.

Mkwaruzo ambao ukucha unakwama utarusha sindano. Iliyochakazwa na sindano butu haina dawa hata ikimeta. Jaribu nyimbo za karibu na lebo, huko ndiko sauti huharibika kwanza.

Zipange wima, mbali na bati la kibanda. Plastiki hii huanza kulegea kwenye nyuzi 60 hivi, na gari lililofungwa juani linaweza kukaribia hapo. Ukituma kwa posta, toa santuri ndani ya kava, iweke kwenye mfuko wake nyuma ya kava, kadibodi ngumu pande zote mbili. Ikibaki ndani, kila kifurushi kikitupwa ukingo wa santuri hupasua mshono wa kava, na bei inashuka hata kama santuri yenyewe haina doa.

Mpenzi wa santuri,
Moshi