Kinywa kiko wazi mbele yetu, meno tunayaruka

Kwa Mhariri,

Mimi ni muuguzi wa kliniki ya watoto, mwaka wa 16 sasa, na kabla ya kushauri lolote nina la kukiri. Watoto niliowapandisha kwenye mzani sina hesabu yao. Nimewazungushia utepe mkononi, nimewachoma sindano, nimewadondoshea matone. Wakija na homa na kikohozi nimewakandamiza ulimi kwa kijiti, nikawasha tochi, nikachungulia koo. Kinywa kiko wazi, taa inawaka, na bado meno nimeyapita kama mtu apitaye mlangoni kwa jirani akielekea kwake. Akilini mwangu meno yalikuwa na mwenyewe, na mwenyewe ni daktari wa meno.

Aliyenizindua ni mtoto wa miaka miwili na ushee ambaye uzito wake ulikuwa umesimama miezi mitatu mfululizo. Nilimmiminia mama yake mahubiri yote ninayoyajua: ongeza milo, changanya vyakula, usimharakishe. Alinisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Sista, chakula kipo. Akitafuna ndio analia." Nikamwinua mtoto mdomo wa juu kwa kidole gumba. Meno manne ya mbele yalikuwa visiki vya kahawia vilivyolingana na ufizi, na juu ya kimoja kulikuwa na kijipu kimeiva. Nikaitazama kadi yake. Safi kabisa, chanjo zote amepata, na kwa tarehe. Alikuwa ameletwa kwetu mara 14, na mara nyingi kati ya hizo akiwa ameshaota meno. Sahihi tano kwenye kadi ile zilikuwa zangu.

Meno ya namna ile hayaozi kwa usiku mmoja. Huanza na mstari mweupe usiong'aa, mfano wa chaki, unaofuata ukingo wa ufizi. Hapo madini ya jino yameanza kutoka lakini tundu bado, na jino linaweza kurudi likapona kwa mswaki, dawa ya meno yenye floraidi, ile kemikali inayoimarisha jino, na kupunguziwa sukari. Ukiuacha mstari huo, hugeuka njano, kisha kahawia, kisha jino linamegeka. Na mahali unapoanzia ndipo panapofunikwa na mdomo wa juu. Meno ya mbele ya chini hukingwa na ulimi na mate, kwa hiyo mtoto akicheka mama huona weupe wa chini, akaridhika. Asiyeinua mdomo haoni, awe mama awe muuguzi.

Kuna wanaosema meno ya utotoni si yatang'oka tu. Yatang'oka, ndiyo, lakini magego ya utotoni hukaa mpaka mtoto afikishe miaka 10 hadi 12. Huo ni muda mrefu wa kutafunia upande mmoja. Tena gego la kwanza la ukubwani huota kwenye miaka 6, nyuma ya yale ya utotoni, bila jino lolote kutoka kulipisha, na wazazi wengi hulidhania la utotoni vilevile na kuliachia lioze.

Shirika la Afya Duniani, katika ripoti yake ya 2022, linakadiria kuwa watoto milioni 514 wana meno ya utotoni yaliyooza. Umati huo hatuwezi kuusubirisha kwenye kiti cha daktari wa meno. Wengi wao hawatakalia kiti hicho mpaka siku ya kung'olewa. Kwetu, hata hivyo, wanakuja, na wanakuja kwa ratiba. Jino la kwanza huota kwenye miezi 6. Chanjo ya kwanza ya surua hutolewa miezi 9 au 12, meno ya mbele yakiwa yanachomoza. Ya pili ni kati ya miezi 15 na 18, magego ya kwanza yakiwa yanatokeza. Kule ambako upungufu wa vitamini A ni tatizo, matone yake hutolewa kila baada ya miezi 6 mpaka mtoto akaribie miaka 5. Na vanishi ya floraidi, ile dawa ya kupaka juu ya meno ili yasioze, hupakwa walau kila baada ya miezi 6. Ratiba hizi mbili zimekaa kama nguo zilizoshonwa na fundi mmoja.

Nimeshaipaka vanishi hiyo kwa mikono yangu, baada ya daktari wa meno mmoja kukubali kutufundisha asubuhi moja, kwa hiyo sisemi ya kusikia. Kiti cha umeme hakihitajiki. Mimi na mama tunakaa tukitazamana, magoti yakigusana. Mtoto analazwa, kichwa mapajani kwangu, miguu ikikumbatia kiuno cha mama, mikono mama ameishika. Analia, bila shaka. Na kilio chenyewe ndicho kinachotufungulia kinywa. Unafuta meno kwa kipande cha gozi, kile kitambaa chepesi cha kufungia vidonda, unapitisha kibrashi chenye tone la dawa jino kwa jino, unamrudisha kifuani kwa mama yake. Kwa mtoto mwenye meno manane dakika mbili haziishi. La muhimu ni kumwambia mama mapema kwamba meno yatakuwa na rangi ya manjano hadi kesho yake, asiyapige mswaki mpaka asubuhi, na kwa saa chache asimpe vitu vigumu wala vya moto. Mama wa kwanza sikumwambia habari ya rangi. Alirudi jioni ileile, na hakurudi kunishukuru.

Jambo hili si geni duniani. Jimbo la North Carolina, Marekani, limekuwa likiwatumia madaktari na wauguzi wa watoto kupaka vanishi tangu 2000. Mwaka 2014 jopo la taifa la nchi hiyo linalotathmini huduma za kinga lilipendekeza kwamba wahudumu wa afya ya msingi wawapake watoto wote kuanzia meno yanapoota, na mwaka 2021 likarudia pendekezo hilo. Mwaka huohuo wa 2021 Shirika la Afya Duniani liliingiza dawa ya meno yenye floraidi kwenye orodha yake ya dawa muhimu, pamoja na dawa ya kupaka yenye madini ya fedha na floraidi, ambayo husimamisha uozo. Hiyo ya pili huliacha tundu jeusi tii, na mzazi lazima aelezwe kabla, si baada.

Kwa nini basi tulitengana hivi, koo la kwetu na meno ya wenzetu? Historia inachangia. Chuo cha kwanza cha udaktari wa meno duniani kilianzishwa Baltimore, jimbo la Maryland, mwaka 1840, na tangu hapo elimu ya kinywa ikashika njia yake, na sisi yetu. Katika jimbo hilohilo, Februari 2007, mtoto wa miaka 12 alikufa baada ya maambukizi ya jino bovu kufika kwenye ubongo. Mwili haujui kwamba tuna vyuo viwili.

Wenzangu kazini watasema foleni ni ndefu. Ni ndefu kweli, na mtu anayeongeza kazi kliniki bila kuongeza mikono mimi simuungi mkono. Lakini kuinua mdomo wa mtoto ni muda wa kusoma namba kwenye mzani, hauzidi. Tuanze na hilo, hata kabla vanishi haijafika. Na kama ni lazima tupunguze kitu, tupunguze somo la asubuhi ambalo tunalisoma mbele ya mabenchi huku nusu ya akina mama wanabembeleza watoto na nusu nyingine wanavizia namba yao isiitwe wakiwa hawapo. Mama mmoja, mbele ya mtoto wake mwenyewe, akionyeshwa ule mstari wa chaki, hasahau. Hapo ndipo pa kumwambia kiasi cha dawa ya meno: mfano wa punje ya mchele kwa aliye chini ya miaka 3, mfano wa njegere akishavuka hapo, na mswaki aushike mzazi.

Tujisafishe na sisi. Dawa za maji tunazowapa watoto, nyingi zimetiwa sukari ili zinyweke, na tunaagiza dozi ya mwisho usiku, mtoto akiwa kwenye kulala, wakati mate yanapungua. Sijawahi kumsikia mwenzangu akimwambia mama amfute mtoto meno baada ya dozi hiyo. Mimi mwenyewe nimeanza juzi.

Najua pia kwamba vanishi haizibi tundu, na kumwandikia mama rufaa ya kwenda mahali asipoweza kufika ni kumpa karatasi tu. Ndiyo maana madaktari wa meno siwaoni kama watu tunaotaka kuwanyang'anya kazi. Watufundishe, watupitie mara kwa mara, watupe siku maalumu ya kuwapokea tunaowatuma. Yule aliyetufundisha alisema angependa zaidi kuona mistari ya chaki kumi kuliko kung'oa jino moja la mtoto aliyeshikwa na watu watatu.

Ombi langu kwa wanaopanga na kuchapisha kadi za kliniki ni dogo. Kwenye kadi kuna mahali pa uzito, urefu, kila chanjo, matone, dawa ya minyoo. Meno hayana mahali. Kisicho na kisanduku hakifanywi, na kikifanywa hakihesabiwi, na kisichohesabiwa hakiagiziwi vifaa. Tupeni mstari mmoja: meno yametazamwa, ndiyo au hapana, yana mstari mweupe, yana tundu, yamepakwa tarehe gani.

Kwa sasa nauchora mwenyewe, kwa rula na kalamu, ukurasa wa mwisho. Mwezi uliopita mtoto mmoja niliyempaka alihamia kliniki nyingine, akarudi kwetu kwa likizo na kadi mpya. Ile ya zamani ilikuwa imechakaa, wakamnakilia chanjo zote, na uzito wote. Mstari wangu hawakuunakili. Mama anasema muuguzi wa kule alimuuliza nani aliyemchorea mtoto kwenye kadi.

Wako,
Muuguzi, kliniki ya watoto