YAH: KURUSHWA KILOMITA 25 ZA HIJA YA SANTIAGO

Meneja, Huduma kwa Wateja,

Mwezi Mei mwaka huu mimi na mama yangu, mwenye miaka 67, tulikwenda Galicia, Hispania, kutembea Njia ya Mtakatifu Yakobo kwa mpango mliotuuzia ninyi: Sarria hadi Santiago de Compostela, kilomita zipatazo 115. Tulichagua Sarria kwa sababu moja. Ofisi ya mahujaji haitoi cheti cha Compostela kwa aliyetembea pungufu ya kilomita 100.

Siku ya kwanza tulipanda na kushuka vilima hadi Portomarín, kilomita 22. Njiani Mama alisimama kwenye jiwe la njia lililoandikwa kilomita 100 zilizobaki hadi Santiago, akaliwekea mkono, akasali. Jioni tukakuta hatuna chumba. Ratiba yenu ilitaka usiku ule tulale Palas de Rei, kilomita 25 mbele! Nani atembee kilomita 47 za milima kwa siku moja? Nyumba za wageni tulizobisha hodi zilikuwa zimejaa. Mfanyakazi wenu akatuma gari, akanihakikishia kwa simu kuwa cheti hakitaathirika. Kanisa la Portomarín, lililohamishwa jiwe kwa jiwe kabla mji wa zamani haujafunikwa na maji ya bwawa, Mama aliliona kupitia kioo cha gari. Kesho yake ilibidi tuanzie Palas, kwa kuwa chumba cha Arzúa, kituo kilichofuata, kilikuwa cha usiku huohuo.

Santiago, karani wa ofisi ya mahujaji alikagua mihuri kwenye kadi zetu za hija, zinazogongwa njiani kama ushahidi wa kutembea, akauliza mbona hakuna hata mmoja kati ya Portomarín na Palas. Mama alimweleza ukweli. Kilomita 22, jumlisha 68 za kutoka Palas, ni 90. Tukanyimwa. Mama alifanya mazoezi miezi minane kwenye miteremko ya Uluguru kwa ajili ya siku ile. Alikunja kadi yake akairudisha kwenye mkoba, hakusema neno mpaka usiku.

Sidai fidia ya maumivu ya miguu. Hayo tuliyafuata wenyewe. Nadai nusu ya malipo yetu, barua ya kumwomba Mama radhi, na ratiba hiyo iongezwe usiku wa Portomarín kabla hamjamuuzia mtu mwingine. Nimeambatisha mkataba na nakala za kadi zote mbili. Nasubiri jibu la maandishi ndani ya siku 14.

Mteja wenu,
Morogoro