Nyumba ya Karen: wageni waambiwe ukweli kuhusu ile filamu

Kwako Mhariri,

Makala yenu ya Jumapili kuhusu mahali pa kutembea Nairobi mwishoni mwa wiki niliifurahia, mpaka nilipofika pale mlipoandika kwamba filamu ya Out of Africa ilipigwa ndani ya vyumba vya Makumbusho ya Karen Blixen, yule mwandishi wa Denmark aliyelima kahawa hapa kwetu na ambaye kumbukumbu zake ndizo zilizozaa filamu hiyo. Haikupigwa humo. Simlaumu mwandishi wenu, maana uongo huo nimeuuza mimi mwenyewe miaka mingi nikiwa dereva wa gari la watalii. Si ajabu aliyeuandika aliusikia kwa mtu aliyeusikia kwangu.

Kazi yangu ilikuwa hivi. Wageni wakishuka pale langoni, wengi huwa wameshaitazama sinema hiyo usiku uliotangulia, hotelini, ili wajitayarishe. Nilikuwa nawapanga barazani, nawaonyesha vilima vya Ngong, nanyamaza kidogo, kisha namtaja nyota wa filamu hiyo: "Hapa ndipo Robert Redford alipokuwa akiketi jioni." Basi kamera zinalia, na bakshishi ya siku hiyo inanona. Kuna mama mmoja wa Kijerumani aliweka kiganja kwenye ukuta wa mawe akafumba macho, nami nikaona haya kidogo, lakini bakshishi nikaipokea. Siku moja mwongozaji wa makumbusho alipita nyuma yangu nikiwa katikati ya hadithi. Alisubiri wageni wasogee, akanivuta kando na kuniambia, "Mzee wangu, hapo unawapoteza. Walipigia kule kwenye nyumba ya kwanza." Alisema kwa heshima zote, ila masikio yaliniwaka moto mpaka tuliporudi mjini.

Nyumba ni mbili. Ya kwanza ni Mbagathi, alikoishi Karen na mumewe Bror Blixen kuanzia 1914 hadi 1917. Ya pili ni Mbogani, iliyojengwa mwaka wa 1912 na mhandisi Mswidi, Åke Sjögren. Hiyo ndiyo waliyohamia 1917 pamoja na shamba la ekari 6,000, na ndiyo makumbusho ya leo. Karen alikaa pale hata baada ya kuachana na mumewe, akipambana na mibuni iliyopandwa juu mno kwenye baridi, mpaka shamba lilipomshinda akarudi kwao Denmark mwaka wa 1931. Mwelekezi Sydney Pollack na watu wake walipokuja kupiga filamu miaka hamsini na kitu baadaye, maisha ya Mbogani waliyaigizia Mbagathi. Majina yenyewe yanakaribiana hivyo. Anayetaka kuyachanganya hahitaji kusaidiwa.

Wala nyumba si kitu pekee kilichohamishwa. Mji wa Nairobi wa enzi za Karen ulijengwa upya kwa ajili ya kamera, kwa kuwa Nairobi yenyewe ilikuwa imeshaota maghorofa. Makao ya gavana unayoyaona kwenye sinema ni jengo la utawala la Nairobi School, ile shule ambayo wazee wa rika langu bado wanaijua kwa jina la Prince of Wales. Denmark ya kwenye filamu iko Surrey, Uingereza. Filamu ikatoka 1985, ikazoa tuzo 7 za Oscar, na hakuna aliyeshtaki.

Hata mimi sishtaki. Sinema ni kazi ya kudanganya macho, na mtu hulipa kiingilio ili adanganywe vizuri. Huko Uingereza kuna kasri la Highclere, ambalo watazamaji wa tamthilia ya Downton Abbey wanalijua kama nyumba ya jirani. Sebule na maktaba ya mabwana vilipigiwa humo humo kasrini. Ila jiko la watumishi, pamoja na zile korido wanazopishana wakibeba sinia, lilijengwa studio za Ealing, London. Kwa hiyo kijakazi anapanda ngazi akiwa London na kutokea juu akiwa Hampshire. Watalii wanaambiwa hivyo na bado wanafurika.

Kinachonikera ni sisi wa huku, madereva, wauza safari na waandishi wa vijitabu vya hotelini, kudhani kwamba tukisema kweli mgeni atageuza gari. Nyumba ile haihitaji kuazimwa umaarufu.

Ni kweli inaidai filamu shukrani. Serikali ya Denmark iliinunua mwaka wa 1964 ikaitoa zawadi kwa Kenya iliyokuwa imetoka kupata uhuru, na kwa miaka mingi palikuwa chuo cha mafunzo ya lishe. Wangapi wetu tulipita barabara ile bila hata kugeuza shingo? Filamu ilipoanza kutengenezwa ndipo Makumbusho ya Kitaifa yalipotaka nyumba ile, na mwaka wa 1986 milango ikafunguliwa kwa umma. Bila Hollywood, pengine leo mngekuwa mnaandika kuhusu maduka makubwa yaliyojengwa juu ya msingi wake.

Filamu iliacha na vitu vyake. Humo vyumbani kuna samani ambazo Karen, alipokuwa akifungasha, alimuuzia Lady McMillan, mama tajiri wa Kizungu wa Nairobi ya enzi hizo, ambazo baadaye zilitafutwa zikarudishwa. Na kuna vifaa vilivyotengenezewa maigizo, vikaingizwa kwenye nyumba ambayo maigizo hayakufanyikia. Fikiria hilo, Mhariri. Kiti alichokalia mwenye nyumba kimekaa chumba kimoja na kitu cha kuigiza mambo ya mwenye nyumba, na mgeni anayekimbizwa na dereva wa aina yangu anavipiga picha vyote kwa mkupuo mmoja. Ombi langu kwa wahusika ni dogo: kila kitu kiwe na kibandiko kinachoonekana kutoka mlangoni, rangi moja kwa vitu vya Karen, rangi nyingine kwa vitu vya sinema. Watu watavipenda vyote viwili. Mimi mwenyewe, siku nilipojua kipi ni kipi, nilivitazama kama navikuta kwa mara ya kwanza.

Halafu kuna jiko. Hapo ndipo ninapotaka mwandishi wenu arudi, safari hii aende polepole. Jiko liko nje, jengo la peke yake nyuma ya nyumba, kama yalivyokuwa majiko ya wakati ule ili moshi na makelele yasimfikie bwana mezani. Ndani kuna jiko la kuni aina ya Dover namba 8, linalofanana na alilokuwa nalo Karen, na masufuria yake. Wageni wengi huchungulia tu wakaondoka, maana filamu haikuwapa sababu ya kukaa.

Sababu ipo. Katika jiko la nyumba ile ndimo alimofanya kazi Kamante Gatura. Alifika kwa Karen akiwa mtoto mgonjwa, miguu imejaa vidonda, akapelekwa hospitali ya misheni ya Waskoti, akapona, akarudi, na kutoka hapo akageuka mpishi wa kutajwa nchi nzima. Mwaka wa 1928 mwana wa mfalme wa Uingereza, Prince of Wales mwenyewe, alikula chakula cha jioni kwenye nyumba ile, na Karen ameandika kwamba aliusifu mchuzi. Mchuzi wa Kamante! Mwana wa mfalme wa kweli, meza ya kweli, mpishi Mkikuyu aliyetokea kwenye maboma ya hapo hapo shambani, na sisi tunasimama barazani tukiwahubiria watu kuhusu mwigizaji wa California.

Vivyo hivyo kwa Farah Aden, Msomali aliyeshika funguo, hesabu na siri za nyumba ile, na kwa Chifu Kinanjui, ambaye neno lake lilikuwa na uzito shambani kupita la meneja yeyote. Hao sinema haikuwasahau kabisa, nakubali. Tena kati ya Wakikuyu walioigiza mle walikuwemo wazao wa watu waliotajwa kwenye kumbukumbu za Karen. Mtu kuitwa aigize maisha ya babu yake, kilomita chache kutoka alikoishi babu huyo, hilo nalo ni jambo la kusimuliwa kwenye gari badala ya hadithi yangu ya baraza. Sikulijua mpaka nilipostaafu. Nilikuwa na shughuli ya kumtafutia Redford mahali pa kukaa.

Siku hizi gari analiendesha mwanangu. Nimemwambia aanzie jikoni, aje sebuleni, kisha amalizie barazani, na atakayeuliza kuhusu filamu amwambie, "Ilipigiwa Mbagathi, nyumba yake ya kwanza." Alinibishia mwanzoni akisema nataka kumharibia riziki. Wiki iliyopita alinipigia simu: wageni wake wawili walikaa jikoni muda mrefu kuliko chumba kingine chochote, mmoja wao akitaka kujua mchuzi ulikuwa wa nini. Kijana hakujua, ndiyo maana alinipigia. Karen anauita mchuzi wa Cumberland. Wazungu huutengeneza kwa jeli ya matunda na mvinyo, wakala na nyama.

Naomba basi mchapishe masahihisho kwenye toleo lijalo. Na kama yule mama wa Kijerumani yu hai na kuna jamaa wa kumfikishia habari, aambiwe kwamba ukuta alioushika ulikuwa wa Karen kweli. Wa Redford uko Mbagathi, na makosa yalikuwa yangu.

Dereva mstaafu wa watalii,
Ngong