Vitendanishi vya maabara visiharibikie uwanja wa ndege

Mhariri,

Mamlaka yetu ya dawa, enzi hizo TFDA na sasa TMDA, mwaka 2018 ilikuwa ya kwanza Afrika kuthibitishwa na Shirika la Afya Duniani kuwa imefikia ngazi ya tatu ya ukomavu, yaani mfumo wake wa udhibiti ni imara na unafanya kazi vizuri. Bagamoyo nayo imo katika vituo vilivyofanya majaribio ya chanjo ya malaria ya R21. Uwezo wa kusimamia bayoteknolojia ya afya tunao. Panapotukwamisha ni padogo: boksi la vitendanishi, yaani kemikali na viambato vinavyofanya vipimo vya maabara vifanye kazi, limeshuka kwenye ndege, kibali cha kuliingiza nchini bado.

Vimeng'enya, yaani protini zinazoendesha kipimo cha PCR cha kutafuta vinasaba vya vimelea, vinatakiwa nyuzi -20. Husafirishwa na barafu kavu, ambayo haiachi maji, hugeuka hewa tu, na boksi la kawaida linaweza kupoteza kilo mbili au zaidi kwa siku. Mzigo ukifika Ijumaa bila kibali, Jumatatu barafu imekwisha. Hatari yake ni kwamba kimeng'enya kilichodhoofika hakibadiliki rangi. Kipimo kinaendelea kutoa majibu, ila mgonjwa mwenye vimelea vichache anaambiwa hana ugonjwa.

Kosa jingine hutokana na nia njema: kila kitu kinatiwa kwenye friza. Kingamwili zilizounganishwa na chembe za dhahabu, zile zinazotoa mstari mwekundu kwenye vipimo vya haraka, hutunzwa nyuzi 2 hadi 8. Zikiganda, chembe hushikamana na mstari unafifia au hautokei kabisa.

Tunaiomba Wizara ya Afya ikae na TMDA, Mamlaka ya Mapato (TRA) na Mkemia Mkuu wa Serikali. Maabara na viwanda vinavyobuni vipimo visajili orodha ya vitendanishi vyao mara moja kwa mwaka, na kibali kitoke kabla mzigo haujasafirishwa. Kila boksi liwe na kifaa cha kurekodi joto, kumbukumbu zake ziambatane na nyaraka za forodha. Uwanjani pawe na friza, jokofu, na mtu wa zamu wa kuongeza barafu kavu hata Jumapili.

Hofu ya bidhaa bandia ni ya haki. Kwa hiyo orodha hiyo ihusu utafiti na uzalishaji tu; kipimo kilichokamilika kipite usajili wa kawaida, na ukaguzi wa vitendanishi ufanyike maabara, daftari la matumizi likiwa mezani. Atakayekutwa anauza alichoingiza kwa njia hii afutiwe usajili.

Wataalamu wa maabara,
Dar es Salaam