Moyo mwekundu ndani ya belo

Mhariri,

Nauza fulana za mtumba Karume huu mwaka wa 14. Haipiti wiki, nikikata kamba za belo, bila kukutana na ile nyeupe: I, moyo mwekundu, N na Y, yaani "Naipenda New York". Juzi kijana kaing'ang'ania moja iliyotoboka kwapani. "Mama, hii ndiyo New York yenyewe!" Hata Chalinze hajafika.

Wengi hudhani nembo ile ilibuniwa jiji likiwa limenona. Wapi! Mwaka 1975 New York ilikuwa hoi kwa madeni, nusura ifilisike. Vyama vya polisi, vikipinga wenzao kuachishwa kazi, vilichapisha kijitabu chenye fuvu la kichwa, kikiwaonya wageni wasitembee mitaani baada ya saa 12 jioni. Nani angekwenda kutalii huko?

Kwa ajili ya kampeni ya utalii ya mwaka 1977, mbunifu wa michoro Milton Glaser akiwa ndani ya teksi akauchora moyo ule kwa kalamu ya nta nyekundu kwenye bahasha iliyochanika. Hakudai malipo. Tena kampeni ilikuwa ya jimbo zima, si jiji peke yake, ingawa ukisema hivyo hapa sokoni watakuona mjuaji.

Mwaka 2023 jiji likazindua nembo mpya, "We" badala ya "I", na kimoyo kilichotuna kama puto. Wenyeji wenyewe waliikejeli. Hiyo bado haijanifikia. Ikija nitaitundika pembeni ya ile ya zamani, nione kijana wangu atachukua ipi.

Muuza mitumba,
Ilala, Dar es Salaam